Mikono ya Bonge Usingizini

Usiku wa kumi na moja tangu mtoto azaliwe, fundi rangi aliamka akihisi godoro linatikisika. Alidhani ni mkewe anajigeuza. Akawasha tochi ya simu, akaizibaziba kwa kiganja mwanga usimwamshe mtu, na ndipo akaona. Mikono yote miwili ya mwanawe ilikuwa ikiruka, mara tano, mara sita, ikatulia kidogo, ikaanza tena. Macho yalikuwa yamefumba. Uso ulikuwa shwari kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kisha mikono ikalegea, mtoto akaendelea kulala.

Fundi hakulala tena.

Mtoto mwenyewe walimwita Bonge. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa mama siku alipotoka hospitali, akiwa mwembamba hata soksi za watoto wachanga zinamvuka magoti. Bibi alisema jina huvuta mwili, na kweli tangu hapo Bonge alinyonya kama mwenye ugomvi na maziwa.

Asubuhi fundi alimweleza mkewe, lakini kwa kuzungukazunguka. Mke akamjibu kwamba watoto wote hushtuka usingizini, hata yeye mtu mzima huota anaanguka. Mama mkwe, aliyekuja kusaidia kwa mwezi mmoja na alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni, alisema mtoto anacheza na malaika, waachwe wacheze. Fundi akaitikia, akamaliza chai yake, akabeba rola na brashi, akaenda kazini. Lakini hakuwa amesema yote.

Aliwahi kuwa na mdogo wake, wamefuatana ziwa. Mdogo huyo alikuwa na kifafa. Alipokuwa na miaka tisa alianguka kifudifudi kwenye dimbwi la maji yasiyofika hata magotini, na hapakuwa na mtu karibu. Kwao ugonjwa ule haukutajwa kwa jina, si kabla ya msiba wala baada. Alipokwenda kuposa na kuulizwa habari za ndugu zake, fundi alisema alikuwa na mdogo wake mmoja, alikufa kwa homa. Maneno mepesi tu, yakapita. Sasa ilikuwa miaka minne, na kila usiku akiitazama mikono ya mwanawe alijiambia kwamba ni yeye aliyeileta hiyo damu ndani ya nyumba.

Akaanza kukesha. Alijifanya amelala mpaka mkewe aanze kukoroma, kisha anageukia upande wa mtoto. Mikono ikianza kuruka anaishika, taratibu, kama anayetuliza kifaranga. Haikutulia. Ilizidi. Kadiri alivyoibana ndivyo ilivyopiga kwa nguvu, na mara nyingine miguu nayo ikafuata. Usiku mmoja ilianza saa saba, ikarudi saa nane na nusu, ikarudi tena karibu na alfajiri. Alikuwa akiandika saa hizo kwa penseli nyuma ya kipande cha msasa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mfukoni.

Wakati huo walikuwa wakipaka rangi ngazi na korido za jengo la ofisi, yeye na mwenzake wa miaka mingi waliyemwita Kipara, ingawa alikuwa na nywele za kutosha. Upara ulikuwa wa baba yake. Siku ya nane ya kukesha, fundi alisinzia akiwa juu ya ngazi yao ya mbao, brashi mkononi. Kopo la rangi nyeupe likamponyoka, likatua sakafuni kwa kishindo na kumwagika hadi mlango wa lifti. Kipara hakumgombeza. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, akamwambia:

"Shuka. Ukivunjika shingo, huyo mtoto atakujua kwa picha."

Walifuta sakafu kwa matambara mpaka magoti yakauma, na humohumo katika kufuta fundi akamweleza kila kitu, mikono, msasa, mpaka mdogo wake. Kipara alikamua tambara lake kwa muda mrefu. Kisha akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba daktari hawezi kutibu hadithi. Ampige mtoto video, aende naye.

Usiku ule ule akapiga. Aliiegemeza simu kwenye mto, tochi yake ikiwaka, na mikono ilipoanza, mazoea yakamshinda, akaibana. Mkewe akafumbua macho. Alichokiona ni mumewe ameinama katika mwanga wa simu, amemkandamiza mtoto.

"Unamfanya nini?" alisema, kwa sauti ya chini mno.

Fundi akaachia, akamwonyesha. Wakakaa wawili wakitazama mikono midogo ikiruka mpaka ilipochoka.

"Tangu lini?"

"Siku tisa."

Mke alimnyanyua mtoto, akampakata, akakaa hivyo mpaka kukapambazuka.

Kwenye zahanati, daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpima Bonge, akatazama video mara mbili, akauliza kama alizaliwa bila shida, kama ananyonya, kama amewahi kupata homa, kama huruka hivyo akiwa macho. Mke ndiye aliyejibu. Kisha daktari akauliza, huku akiandika, kama kuna mtu katika ukoo aliye na kifafa, au aliyewahi kuwa nacho.

"Kwetu hakuna," mke akasema. "Na kwake hakuna."

Fundi alikuwa akitazama ukuta. Rangi ilikuwa imebabuka juu ya dirisha. Aliyeipaka hakupiga msasa kwanza.

"Yupo," akasema. "Alikuwepo. Mdogo wangu."

Mkewe aligeuka akamtazama. Daktari akauliza umri, akauliza alikufaje, na fundi akajibu yote, mkewe akisikia kwa mara ya kwanza pamoja na mgeni.

Daktari akasema watasubiri mtoto alale. Walisubiri karibu saa nzima kwenye benchi la korido, katikati yao pengo la kutosha mtu wa tatu. Bonge alinyonya, akacheua, akatazama taa, na hatimaye akalala. Daktari akaitwa. Mikono ikaanza kuruka. Fundi akanyoosha mkono wake.

"Usimshike, baba."

Akaurudisha. Daktari alitazama kidogo, kisha akaupigapiga unyayo wa mtoto kwa kidole mpaka akaamka. Mikono ikakoma pale pale. Bonge alimkodolea macho, akaangua kilio.

Daktari aliwaeleza polepole. Kifafa hakikatiki kwa kumwamsha mtu; huku kuruka kunakatika. Ni mishtuko ya usingizi tu, baadhi ya watoto wachanga huwa nayo, na kwa kawaida huisha yenyewe baada ya miezi michache. Kumbana huizidisha. Hata hivyo, kwa sababu ya habari za yule baba mdogo, angependa kumwona Bonge kila mwezi. Akiruka akiwa macho, au akibadilika rangi, au akikataa kunyonya, waje mara moja, saa yoyote.

Fundi alitoka nje akashika nguzo. Mkewe alimpita, mtoto begani.

Siku mbili mke hakusema naye ila habari za nepi na maji ya moto. Mama mkwe, aliyeambiwa tu kwamba mtoto ni mzima, aliwatazama mmoja mmoja na kwa busara zake akaenda kulala mapema. Jioni ya tatu, mke alikuwa akikunja nguo za mtoto kitandani.

"Bado nina hasira," akasema, bila kuinua macho. "Lakini niambie alikuwa mtu wa namna gani."

 Fundi akaanzia na mbinja: mdogo wake alikuwa akipiga mbinja kwa pengo la meno ya mbele, akimwita mtu, mtaa mzima unageuka. Mke akacheka kidogo, akajizuia. Akaendelea kukunja, naye akaendelea kusimulia, mpaka nguo zikaisha na mke akazikunjua nyingine zilizokwisha kukunjwa, akaanza upya.

Mishtuko iliisha Bonge alipokaribia miezi mitatu. Iliisha bila kuaga. Usiku mmoja fundi alilala moja kwa moja mpaka asubuhi, na alipoamka mtoto alikuwa macho zamani, anavuta sikio la mama yake.