Jina langu lilikuwa darasani, mimi sikuwepo

Mtu akipotea darasani bila kuaga, zinapita siku ngapi kabla mwenzake mmoja hajauliza yuko wapi?

Nilijiuliza hivyo mwaka ule chuo kilipofungwa kwa sababu ya korona.

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi. Sitaongeza chumvi, kwa sababu kisa chenyewe hakinipambi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Tunaishi Dilala, katika nyumba za zamani za kampuni ya mgodi. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi, tukabaki.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Profesa akisema jambo, nilinyoosha mkono: umejuaje? Darasa zima likaniita Madame Pourquoi, yaani Bi Kwa Nini. Mwanzoni walicheka. Baadaye waliacha hata kukaa karibu nami.

Isipokuwa Odette. Huyu alitoka Musumba, kule Kapanga, ambako barabara ni mbaya na safari inakula siku kadhaa.

Kwetu mahudhurio ni karatasi moja inayozunguka benchi hadi benchi. Mwenye kalamu huandika jina lake na la jirani yake. Odette aliandika jina langu kila mara, tena kabla ya lake.

Nikamuuliza sababu, "Juu ya nini unaandikaka jina yangu mbele?"

"Ee mama, yako ni mufupi, inaisha mbio. Yangu iko murefu sawa barabara ya Kapanga!"

Alicheka peke yake. Mimi niliona si jibu.

Basi, chuo kikafungwa. Odette akarudi kwao.

Masomo yakaja kwa voice note kwenye group la WhatsApp. Mahudhurio yalikuwa kwa SMS: kila asubuhi unatuma jina lako kwa Trésor, kiongozi wa darasa. Jina moja, ujumbe mmoja. Ukikosa siku nyingi, hufanyi mtihani.

Wiki ya kwanza nilituma.

Wiki ya pili nikaamua kupima. Nilitaka ushahidi, wakuu. Nikazima data, sikutuma jina, nikangoja mtu aniulize.

Asubuhi mama alienda sokoni, nikabaki na ukuta na milio ya taxi-moto, bodaboda zetu. Niliangalia simu kila saa. Aliyenikumbuka ni kampuni ya simu tu: "Mteja mpendwa."

Mama akarudi siku moja akanikuta vilevile, akauliza kama wenzangu wa masomo hawaniiti.

"Ba masomo babo habakuitake?"

"Habaniite, mama."

"Na weye, unabaita?"

Kama mimi nawaita wao? Nikasema nimechoka, nikaingia chumbani.

Zikapita wiki tano. Hakuna aliyeuliza.

Chuo kikafunguliwa. Orodha ya wanaoruhusiwa mtihani ilibandikwa mlangoni. Nitawaambia ukweli: nilienda nikitumaini kutojiona. Ningepoteza mwaka, lakini ningekuwa nimethibitisha kwamba sikuhesabiwa.

Jina langu lilikuwepo.

Nikahitimisha palepale kwamba Trésor hajali, ameandika majina yote bila kuangalia. Hilo liliniuma kuliko kufutwa.

La Odette halikuwepo. Mwenyewe hakurudi. Mtu mmoja akasema, "Yule balishamuoza," yaani kwao wameshamwozesha. Mimi ninayemdai profesa ushahidi, hilo nililimeza bila swali. Nikaweka mkoba wangu mahali pake kwenye benchi, nikamaliza miaka iliyobaki hivyo.

Mwaka jana, nilishapata diploma, nilikutana na Trésor kule Mutoshi, eneo la migodi. Anafanya kazi gereji huko, mikono myeusi kwa mafuta.

"Madame Pourquoi! Ungali unasumbua batu na maswali?"

Nikamrudishia utani: "Na weye, ungali unaandika batu bote présents bila kuhesabu?"

Akanuna kweli.

"Mi? Mi niliandika ile iliingia mu telefone, ile tu! Jina yako Odette alikuwa anaituma kila asubuhi. Wiki ya kwanza ilikuwa inaingia mara mbili, toka telefone yako na toka yake. Kiisha ikabakia ile Odette alikuwa anatuma."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Haukuniuliza."



Funzo langu si kwamba watu ni wema. Sijui kama ni wema, bado nachunguza. Ni kwamba nilijaribu darasa zima kwa kunyamaza, kisha nikashangaa kunyamaziwa. Wiki tano zote nilingoja kuulizwa, na sikuwahi kuandika maneno mawili tu: Odette, uko?

Namba yake ya zamani haipatikani. Trésor hana nyingine. Nimemtumia salamu kwa madereva wa malori yanayopanda Kapanga.

Wewe unayesoma, kuna mtu mliyekaa naye benchi moja ukaacha akapotea? Uliuliza? Niandikieni hapa chini. Hata mkinisema, nitasoma.

Kitu kimoja Trésor alikisema mwisho, akiwa amesharudi chini ya gari. Musumba network haikuwa inakaa. Odette alituma jina langu kwanza, halafu lake, kama kwenye karatasi. Siku network ilipokatika katikati, na zilikuwa nyingi, lilifika moja tu: langu.