Boma Lenye Mlango Mmoja

Nilimfungia mama mkwe wangu ndani ya boma la Wajerumani, nikakaa mlangoni nikila karanga. Sikukusudia, lakini hilo halijawahi kunisaidia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwenda Vwawa na kurudi, kwangu hiyo ilikuwa safari ya kutosha. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa ilibidi twende Momba kuwasalimu wazazi wa mke wangu. Na kwa kuwa shuleni nilikuwa nimesoma habari za ngome za Ulaya, nikasema lazima nilione boma la mawe ambalo Wajerumani waliliacha karibu na kwao.

"Nenda jioni, shemeji," kaka wa mke wangu akanionya. "Asubuhi kina mama wanaanika ulezi mle ndani."

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Anayemwona mwenzake kwanza huacha njia. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini nikaona jua la jioni halifai kwa mambo ya historia. Nikaenda asubuhi.

Uani nilikuta ulezi umetandazwa nusu, ungo umetupwa. Wavivu hawa, nikawaza. Nikaketi kwenye kizingiti, nikafungua karanga zangu, nikaanza kujifundisha kwa sauti: hapa matundu ya bunduki, pale mnara, na mlango ni huu mmoja tu, adui asipate pa kupenyea.

Jua lilipokuwa kali, mtu akakohoa mle mnarani.

"Hodi!" nikasema, nikaenda kuchungulia. Gizani alisimama mwanamke, uso ameuelekeza ukutani, kanga kichwani. Kanga ile niliijua. Niliitoa mimi mwenyewe siku ya posa.

Nilikimbia, nikaukanyaga ulezi wake wote. Siku ile mama mkwe hakula kwa aibu. Mke wangu aliniuliza kitu kimoja tu: "Muda wote huo ulikaa mlangoni?" Tulipeleka kuku na jembe kuomba radhi. Vilipokewa, ila mimi sikuitwa tena ukweni mpaka mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Hadi leo nikimenya karanga uso unaniwaka.

Tuliporudi nyumbani, jirani yetu, mama mmoja mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua kahawa yake. Hakuinua hata macho.

"Mawe yamejaa nyuma ya choo chako, baba. Hayo ulishindwa kuyatazama?"