Mama Mwenyekiti na Blanketi la Mbaazi

Jamani, leo mwenyekiti wetu wa kamati kabembelezwa na mtoto wa miaka tisa mpaka akakoroma!

Mnajua nalea watoto wenye ulemavu wanaoishi kituoni kwetu hapa Masasi. Tuna chumba kidogo cha utulivu: godoro, pazia, na blanketi tulilolishonea mbaazi ndani ili liwe zito. Mtoto akizidiwa na kelele, tunamlaza humo, tunamfunika, anatulia.

Asubuhi kaingia Mama Rashidi, mwenyekiti, na sauti yake ile ya mnadani.

"Mbaazi ni za kula! Kesho hiki chumba kiwe stoo!"

Mie "shikamoo, Mama" tu.

Hadija wetu ana usonji na haongei. Akaziba masikio. Nikajua sasa atapiga mayowe.

Wapi!

Akamshika Mama mkono, akamketisha godoroni, akamsukuma taratibu mpaka akalala. Akamfunika hadi kidevuni. Kidole mdomoni: "Shhh."

Yaani vilevile tunavyomfanyia yeye!

Mama akanitazama. Mie nikatazama dari.

Haukupita muda, mkoromo huo! Hadija akatoka zake, akafunga mlango polepole.

Nilipokwenda kumwamsha, kilemba kilikuwa upande. Nikajikaza: "Mama, hiyo stoo tuanze kuhamisha vitu?"

Akajibu kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Stoo itafutiwe pengine. Na hebu nifunike tena kidogo, Mama Neema."

Haya semeni, nyie mngemfunika?

Mie nilimfunika, nikaenda kuchekea jikoni.