Kibao cha Alcántara

Harufu ya dawa ya kusugulia shaba hunirudisha pale pale kwenye ngazi za jengo letu la Darsait, Maskati, miaka ya tisini. Kila Ijumaa asubuhi Mhispania wa mlango wa pili alikuwa nje na kitambaa, anasugua kibao chenye jina la ukoo wake: Alcántara. Bibi yangu, aliyehamia Maskati kutoka Unguja akiwa mtu mzima, alimcheka sana. Mtu gani huyu, akisema, anayeogopa kusahau jina lake?

Binti wa Mhispania, Inés, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Basi shangazi yangu alipoolewa nilikuwa na ombi moja tu: Inés ashike chetezo cha pili, tumtangulie biharusi pamoja kwa moshi wa udi. Nililia, nikanuna, nikagoma kula. Bibi akasema atafikiri, nami nilimjua, keshakubali.

Siku ya hina akaja Bi Salma na mdomo wake. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mtu wa kabila kubwa, na hakuchoka kumkumbusha Bibi, kwa tabasamu, kwamba sisi ni watu wa Zinjibar, yaani Unguja, watu wa kuja tu. Kwetu mgeni huulizwa asili yake kahawa ikiwa bado ya moto mkononi. Bi Salma akamgeukia Inés, akamuuliza kwa Kiarabu, mbele ya wanawake wote, yeye ni wa nani. Kisha akasema chetezo cha harusi hakishikwi na mtoto asiyejulikana alikotoka. Nilimtazama Bibi, Bibi alikuwa anatazama kikombe chake.

Inés hakutetereka. Kiarabu chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini hadithi hii baba yake alimsomesha mpaka akaihifadhi. Alieleza kuwa kwao Hispania uko mji wenye daraja kubwa la mawe. Waarabu walipoutawala waliuita Al-Qantara, yaani daraja. Watawala wakaondoka, jina likabaki, na waliotoka mji ule wakaitwa kwa jina lake popote walipokwenda, mpaka babu yake, mpaka yeye.

Bibi akaweka kikombe chini. Yeye alizaliwa Darajani, Unguja, mtaa uliopewa jina la daraja ambalo hata yeye hakuwahi kuliona.

"Mpe mwenzio chetezo," akaniambia. "Huyu wa Darajani kama mimi. Nnajua alikotoka."

Halafu akayarudia kwa Kiarabu, polepole, Bi Salma asikose hata neno. Vigelegele vikapasua nyumba, na Bi Salma naye akapiga, angefanyaje? Tulimtangulia biharusi vichwa juu, mimi na Inés, macho yakituwasha kwa moshi.

Inés na baba yake walipokuwa wanarudi Hispania, baba alikingʼoa kibao akampa Bibi, na Bibi akakipigilia mlangoni petu. Wageni wakiuliza ni kabila gani hilo, alijibu, "La Darajani." Mimi nikidhani utani. Nilikuja kuelewa ukubwani, kazini, nilipoulizwa kwa mara nyingine asili yangu hasa ni wapi. Bibi aliulizwa hivyo hivyo katika kila nyumba ya Maskati, na kila mara aliinamia kikombe. Siku ile ya hina ndiyo aliyojibu.

Sasa kibao kiko kwangu, Hail, mtaa mwingine wa Maskati. Nakisugua kila Ijumaa, mlango wazi, majirani wanipite wakisome.