Baiskeli ya Kutembelea

Ndugu zangu wa Kilema, kijijini kwetu, mmezoea nikirudi Krismasi niwasimulie safari za mbali. Hii ni ya kutoka Mchafukoge, ninakoishi, hadi Kariakoo. Ukiwa na haraka unafika kwa miguu kabla chai haijapoa. Hata hivyo sijawahi kusafiri safari iliyonichosha moyo kama ile.

Kilichonitoa nyumbani ni Jumapili. Tangu mke wangu, Mama Upendo, afariki, na binti yetu Upendo kuolewa Mwanza, siku sita za wiki zinapita vizuri kwa sababu mashine za kiwanda cha uchapaji zinanipigia kelele. Jumapili nikitoka kanisani nafungua mlango, nasema "hodi" kwa mazoea, halafu nakumbuka. Simu ikilia, ni ujumbe wa kunijulisha kifurushi kimekwisha. Nilikuwa mpweke, sioni haya kusema. Nikaamua nitafute baiskeli ya bei nafuu, niwe natoka. Wiki nzima nilisoma kwenye simu mpaka nikajua ninayoitaka: inaitwa haibridi, iko kati ya ile nyembamba ya mbio na ile nzito ya milimani. Inakimbia kwenye lami na haikuvunji kiuno kwenye mashimo.

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, niliteremka ngazi za jengo letu. Huko kwetu Kilema mtu akitoka na kofia tu anaulizwa anakwenda wapi. Mlinzi aliitikia salamu yangu bila kuinua macho kwenye simu yake.

Saa tatu na nusu, Mtaa wa Msimbazi. "Pembeni mzee, mzigo!" Wasukuma mikokoteni wamenipandisha cheo bila kuniuliza. Niliingia duka la Mama Happy, mwenzetu wa Rombo anayeuza baiskeli mpya.

"Mambo, kaka? Karibu."

"Poa. Natafuta haibridi."

"Ipo!" Akanitolea baiskeli yenye betri kubwa kama tofali. "Unachaji usiku, asubuhi unateleza tu."

Nikamwambia sitaki ya betri.

"Sasa kaka, haibridi gani haina betri? Hata magari ya haibridi yana betri."

Nikaisogeza pembeni ile ya betri. Akaniletea nyingine nyekundu, yenye springi za shokapu mbele na nyuma. Niliinyanyua, mgongo ukanionya.

"Ya kubebea nini?" akauliza.

"Sibebi kitu."

"Basi ya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nilimshukuru nikatoka.

Saa nne na nusu, mitaa miwili mbele, nilifika kwenye duka jembamba ambalo spoku na mipira inaning'inia mpaka mlangoni. Mwenyewe ni Mzee Jayanti. Babu yake ndiye aliyelifungua, na mzee mwenyewe anaishi ghorofa ya juu yake. Pembeni alikuwa amepanga baiskeli chache za mtumba kutoka Japani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini, bwana?"

Neno haibridi nililiacha kwa Mama Happy. "Baiskeli ya kutembelea tu."

Akashusha miwani. "Kumtembelea nani?"

Nilimaanisha ya kuzungukia mjini. Yeye alisikia nina mtu wa kwenda kumwona. Ningeweza kumsahihisha, lakini swali lilinipata pabaya. "Rafiki yangu," nikasema. "Magomeni."

Ulimi wangu wenyewe ulinishangaza. Mzee alichangamka, akaanza kunichagulia baiskeli ya safari ya Magomeni. Akavuta ya kijivu. "Simama, bomba hili la juu liwe katikati ya miguu. Nyayo zote mbili zinagusa chini? Bomba halikugusi? Basi, saizi yako." Shokapu haikuwa nayo. "Za bei rahisi ni uzito tu. Dawa ya mashimo ni tairi." Akang'oa tairi nyembamba, akavisha pana kidogo. "Usijaze upepo mpaka ziwe jiwe." Akakaza breki, akazungusha pedeli akisikiliza gia. Halafu akachukua keria ya kubebea mzigo nyuma.

"Keria siitaki, mzee."

"Unakwenda kwa mtu mikono mitupu? Hata matunda?" Akaendelea kufunga nati. "Anapenda nini huyo rafiki yako?"

"Nanasi."

Mama Upendo ndiye aliyependa nanasi. Nilijifanya natazama cheni.

"Una bahati," akasema. "Wanangu wote wako nje. Mama yao ametangulia. Hapo juu nalala, hapa chini nashinda. Wateja wanakuja, lakini mteja hakai."

Bei ilikuwa ya kunifaa, na bado alipunguza. "Msalimie wa Magomeni," akaniambia.

Saa sita mchana nilianza kurudi. Baiskeli ilikuwa nzuri kweli. Kwenye lami iliyobanduka tairi zilimeza vishindo, na nilipokwepa shimo moja na kuangukia jingine sikuyumba. Ila keria haikuwa na kitu, na kila kishindo ililia nyuma yangu. Nilipanda nayo ngazi hadi sebuleni, nikakaa kuitazama. Nilijisikia vibaya: nimemdanganya mzee wa watu, na Magomeni hakuna anayenisubiri.

Ndugu zangu, mkitaka baiskeli ya barabara mbovu, nendeni na tairi pana kiasi, bomba la saizi yenu, na msilipie shokapu hafifu. Hayo nilijifunza kwa siku moja. La keria lilinichukua wiki.

Jumapili ya wiki iliyofuata, saa tisa alasiri, Kariakoo ilikuwa imepungua watu. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na la Mzee Jayanti pia. Nilisimama chini ya dirisha lake nikaita hodi, ya kweli safari hii. Akachungulia.

"Imeharibika nini?"

"Haijaharibika, mzee."

Akashuka taratibu, akafungua mlango wa pembeni, akabonyeza tairi kwa kidole. Kisha akaliona nanasi nililolifunga kwenye keria kwa mpira.

"Mbona hujaenda Magomeni?"

"Magomeni sina mtu. Nilikudanganya." "Nimekuja kutembea."

Mzee akalifungua nanasi mwenyewe, akalikumbatia.

"Ingiza na baiskeli ndani," akasema. "Ukiiacha nje, kesho ataitembelea mwingine."