Sapatu za Kijani

Huyu Profesa Hirose wa Sendai, jamani, kwa usafi alikuwa na wazimu wake. Chumba cha kusagia metali ya seriamu kilikuwa na sapatu za kijani. Cha kuyeyushia metali nyingine, yitriamu safi, sapatu nyeupe. Mlangoni unavua hizi, unavaa zile. Ukikosea, utamsikia mpaka uzeeke.

"Chembe tu ya seriamu," alikuwa akifoka, "na metali yote imeharibika!"

Na hapo hakudanganya. Metali safi ukiipoza, umeme hupita kwa raha, na ukinzani wake hushuka mpaka utulie. Itie seriamu kiduchu uone: kwenye baridi kali kabisa, elektroni huanza kuzongana na kila chembe ya seriamu, na ukinzani hupanda tena.

Machi hiyo alikuwa anastaafu. Kwa mhadhara wake wa kuaga alitaka kitu kimoja tu, mchoro wa ukinzani wa yitriamu safi kuliko zote. Asubuhi ile mstari ukashuka vizuri, ukafika chini, kisha ukainua mkia.

"Nagisa!"

Nagisa, mwanafunzi wake wa uzamivu, alimkuta kasimama kando ya tanuri katika chumba cha yitriamu. Kazi aliyoahidiwa katika chuo cha Nagoya ilisubiri neno la mzee huyu huyu.

"Umeingia humu na sapatu za seriamu."

"Sijaingia nazo, Mwalimu."

"Zimetembea zenyewe? Nagoya wanataka mtu msafi. Leo hii nawapigia simu."

Nagisa alijua hana kosa. Lakini kosa la maabara huombewa radhi, uwe umelifanya au hukulifanya. Akainama, kichwa karibu na magoti. Akaganda hivyo hivyo.

Hirose huwajibu wanafunzi wanaomwinamia kwa kutikisa kidevu tu. Sasa binti hainuki, na wenzake wanachungulia mlangoni. Adabu ikamlazimu naye ainame. Akainama mgongo ukimlia, chini kuliko alivyowahi kumwinamia mwanafunzi yeyote. Ndipo akaiona miguu yake mwenyewe.

Kijani.

Akakumbuka kwamba hata siku ya kuyeyusha yitriamu ile alifanya hivi hivi. Alitoka chumba cha seriamu mbio mbio, hakuvua kitu, akaja hapa hapa kumkaripia Nagisa kuhusu usafi. Aibu ikamchoma mpaka masikioni.

"Mwalimu," Nagisa akanong'ona, bado ameinama, "tuinuke?"

"Inuka wewe, mwanangu. Nagoya nitawapigia, niwaambie mchafu ni nani. Ila mimi niache kidogo huku chini."