Picha Nzito za Mwenyekiti

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, mjini Nyeri, kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitambaa. Wateja wangu ni shule, makanisa na vyama vya wakulima. Huku kwetu chochote kinachochapishwa, kiwe kalenda au ratiba ya harambee, huanza na picha za viongozi, mwenyekiti juu, wengine nyuma yake kwa vyeo. Kwa hiyo kamati moja ya basari, yaani msaada wa karo, iliponipa kazi ya kuweka fomu ya maombi mtandaoni, sikushangaa mwenyekiti alipoleta picha kumi na mbili zilizopigwa na mpiga picha wa harusi, kila moja nzito kama gunia la viazi.

Nilijua. Siwezi kusingizia ujinga. Nilimwambia tuzipunguze, la sivyo watu wa mashambani watahangaika na simu zao. Akasema picha ikipunguzwa uso wake utaonekana kama umepakwa matope. Nikakubali, maana kubishana na mzee ni kutafuta balaa. Nikaziweka zote juu ya ukurasa, na fomu chini yake, isiyojitokeza mpaka picha zimalize kushuka. Nikaijaribu kwa simu yangu nzuri, kwa waifai ya ofisi, ikafunguka mara moja. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Tata yangu, ndivyo tunavyomwita mama mdogo, anaishi kijijini Endarasha. Binti yake alikuwa ameitwa shule ya bweni, na bila basari ile hakuna kwenda. Maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Alhamisi tata alinipigia akasema haoni fomu, akaniomba nimjazie. Nikasema nina kazi nyingi, na ile ni shughuli ya dakika tano tu.

Ijumaa alipiga tena, saa tatu na saa sita. Walikuwa wamepanda kilima kilicho nyuma ya josho la ng'ombe, ambako mtandao hushika vizuri zaidi, yeye na binti, wakipokezana simu. Nilifungua kwangu, ikafunguka vizuri. Hapo nikapandwa na hasira.

"Tata, tovuti iko sawa. Ni wewe hujui kutumia simu."

Akasema pole kwa kunisumbua. Yeye ndiye aliyeomba msamaha, jamani.

Jumamosi nilienda kwake. Tuliketi jikoni, nikamwambia anionyeshe. Ile simu yake ndogo, kioo kimepasuka, ilianza kumshusha mwenyekiti polepole: nywele, paji la uso, nyusi. Akakwama puani. Tulikaa tukimtazama, chai ikapoa. Tata akasema jana kule kilimani walimpata mpaka kwenye tai, halafu bando ikaisha. Binti alikuwa amesimama mlangoni. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Nilipanda kilima kile kile nikampigia mwenyekiti, nikamweleza kosa ni letu, si la watu. Akajibu kwamba orodha ya waombaji imeshapelekwa, na kumwongeza mtoto mmoja ni kuwaonea wengine waliopiga simu kulalamika. Ati wengine! Sikuwa nimewafikiria kabisa. Nilimwuliza ni wangapi, akasema hakuwahesabu. Kisha akataka kujua kama picha yake bado iko mbele.

Jumatatu niliziondoa zote kumi na mbili bila kumwuliza mtu. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Nikazima na madoido mengine yaliyokuwa yakivuta mtandao, nikaazima simu kuukuu ya mlinzi wetu kuhakikisha. Halafu nikampigia tata nikamwomba ajaribu. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kusamehewa.

"Imefunguka haraka," akasema. "Hata niko tu hapa nyumbani."

Nikamwuliza anaona nini. Hakuwa na miwani, akampa binti asome. Yule mtoto akasoma bila kukwama popote, kwa sauti safi, kama amesimamishwa mbele ya darasa:

"Muda wa kutuma maombi umekwisha. Asante kwa kututembelea. Karibu tena."

Maneno hayo niliyaandika mimi.